Moto Usio na Ndimi: Historia ya Kutafuta Mahali Pumzi Inapokutana na Chakula

Katika Kiswahili, pumzi, kazi na uhai ni mambo yaliyofungwa pamoja tangu zamani. Mtu akifa husemwa amekata roho. Akiokoka katika shida husemwa ameshusha pumzi. Na mkulima aachaye jembe lake adhuhuri akaketi kivulini husemwa anapumzika, neno ambalo asili yake ni moja na kupumua. Joto nalo limo katika fungu hili, kwa maana aliye hai ana mwili wa moto, na maiti hujulikana kwa ubaridi wake. Lugha basi ilishika mapema mambo mawili yaliyo kweli: kwamba mwenye pumzi ndiye mwenye nguvu, na kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye joto. Jambo la tatu haikulisema, wala hapana lugha yo yote iliyolisema kabla ya watu kulitafuta kwa vipimo, nalo ni hili: pumzi hufanya kazi gani huko ndani?

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza. Mtu hula ugali na samaki, na huku huvuta hewa. Chakula na hewa hupita koo moja, lakini mbele kidogo njia zao huachana: chakula huenda tumboni, na hewa huenda mapafuni. Akinyimwa chakula, mtu huweza kuishi majuma kadhaa; akinyimwa hewa, hufa kwa dakika chache. Lazima basi viwili hivi vikutane mahali fulani, na kukutana kwao ndiko kunakompa mtu nguvu ya kulima, ya kuimba na ya kufikiri. Je, vinakutana wapi, na vikutanapo hufanyaje? Kulijibu swali hili kulichukua zaidi ya miaka 300. Katika safari hiyo neno moja, kuungua, lilikuwa kiongozi wa wataalamu kwa muda mrefu. Baadaye neno hilo hilo likawa kizuizi, na kizuizi hicho hakijaondoka katika vitabu vingi vya shule.

Wataalamu wa Kiyunani walidhani kinyume cha yanayofundishwa leo. Kwao moto wa mwili ulikaa moyoni, na kiumbe alizaliwa nao. Kazi ya pumzi ilikuwa kuupoza moto huo usije ukapita kiasi. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya pili, aliulinganisha uhai na mwali wa taa, ambao pia huhitaji hewa na huzimika ukizibwa. Elimu hii ilihifadhiwa na kukuzwa na mabingwa walioandika kwa Kiarabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha Kanuni ya utabibu kwamba roho ni kitu chepesi kama mvuke, kienezwacho mwilini kutoka moyoni. Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, alisema kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni na kuchanganyika na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Kiswahili kililipokea neno roho kutoka lugha ya mabingwa hao, na hata leo mtu aliyebanwa koo husemwa amekabwa roho. Nafsi, koo na pumzi vimekaa katika neno moja, kama vilivyokaa katika elimu ya wakati ule.

Karne ya 17 ndiyo iliyoanza kuuliza kwa vyombo. Huko Uingereza, Robert Boyle alitengenezewa na msaidizi wake Robert Hooke pampu ya kutoa hewa katika chupa kubwa, na mwaka 1660 akachapisha matokeo yake: hewa ikitolewa, mshumaa huzimika, na ndege au panya aliyemo humo huanguka. Mwaka 1667 Hooke mwenyewe aliwaonyesha wanachama wa Royal Society jambo la kustaajabisha zaidi. Alimfungua mbwa kifua, akayatoboa mapafu yake, akayapulizia hewa mfululizo kwa mivuo hata yakakaa bila kupanda wala kushuka. Na mbwa akaishi. Ikadhihirika kwamba siri haimo katika kupandisha na kushusha kifua, bali imo katika hewa mpya yenyewe. Miaka miwili baadaye Richard Lower alionyesha kwamba damu nyeusi ya mishipa ya vena huwa nyekundu ya kung'aa katika mapafu, na kwamba kiigeuzacho rangi ni hewa.

John Mayow, mtabibu kijana, alikaribia kufika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1674 alieleza jinsi alivyomfungia panya chini ya kengele ya kioo iliyofunika maji. Kadiri panya alivyopumua, maji yalipanda ndani ya kengele, dalili ya kwamba sehemu fulani ya hewa ilikuwa ikitoweka. Alipomweka panya pamoja na mshumaa unaowaka, panya alikufa upesi zaidi. Mayow alikata shauri kwamba panya na mshumaa hula fungu moja la hewa, si hewa yote. Alifariki mwaka 1679, hajafika umri wa miaka 40, na kwa karibu miaka 100 hapana aliyeliendeleza wazo lake.

Sababu mojawapo ya kuchelewa huko ilikuwa neno. Wanakemia wa karne ya 18, wakifuata mafundisho ya Mjerumani Georg Ernst Stahl, waliamini kwamba kila kiwakacho kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, na kwamba kuwaka ni kuitoa flojistoni hiyo katika hewa. Kwa itikadi hiyo hewa haiongezi kitu katika moto, hupokea tu. Ndivyo alivyoamini Joseph Priestley, kasisi wa Kiingereza, alipoichoma oksidi nyekundu ya zebaki kwa kioo cha kukusanya jua tarehe 1 Agosti 1774, akapata hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa mwali mkali. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata alimtia panya katika hewa hiyo. Katika hewa ya kawaida, chombo kama kile kingemtosha panya robo saa; huyu alikaa nusu saa, akatolewa akiwa bado na uhai. Priestley akaivuta mwenyewe, akahisi kifua chake chepesi, akaandika kwa mzaha kwamba hadi siku ile waliopata bahati ya kuivuta walikuwa panya wawili na yeye. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameipata hewa iyo hiyo kabla yake, akaiita hewa ya moto, lakini kitabu chake hakikutoka hata mwaka 1777. Priestley aliipa jina refu lenye maana ya hewa iliyopokonywa flojistoni. Alikuwa na kitu chenyewe mkononi, na jina likamzuia asikione. Alifariki mwaka 1804 akiwa bado ameshika itikadi ile ya zamani.

Aliyekiona ni Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye Priestley alikula naye chakula Paris mwezi wa Oktoba 1774 na kumsimulia habari za hewa yake. Lavoisier aliamini mizani kuliko maneno. Alipima kila kiingiacho na kila kitokacho, akathibitisha kwamba kiunguacho hujiongezea kitu kutoka hewani. Kitu hicho akakiita oksijeni, jina lililotungwa kwa Kiyunani kwa maana ya kizaa asidi, kwa kuwa alidhani hapana asidi isiyokuwa nayo. Dhana hiyo nayo ilikuwa kosa: mnamo mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ipatikanayo katika chumvi haina oksijeni hata kidogo. Lakini jina lilikuwa limekwisha enea, na dunia nzima, pamoja na Kiswahili, inalitumia hadi leo.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi katika chombo kilichozungukwa na barafu. Kwa saa 10 joto la mnyama yule mdogo liliyeyusha wakia 13 za barafu. Kisha wakapima hewa ya ukaa aitoayo mnyama wa namna ile kwa muda kama huo, wakahesabu makaa yakiungua na kutoa hewa kiasi hicho yangeyeyusha barafu ngapi. Jibu likawa zaidi kidogo ya wakia 10. Hesabu mbili hizi hazikulingana kabisa, lakini zilikaribiana vya kutosha kuwapa ujasiri wa kusema kwamba kupumua ni kuungua: kuungua polepole, kusiko na mwali wala moshi, lakini ni kuungua kama kule kwa makaa jikoni. Basi moto wa mwili haukuwa tena mithali ya washairi. Ulikuwa kitu chenye uzito na hesabu.

Kati ya mwaka 1789 na 1790 Lavoisier aliufanya uchunguzi huu kwa mwanadamu. Mtu wa kupimwa alikuwa msaidizi wake Armand Seguin, aliyevishwa barakoa na kupumua kwa mrija. Na mkewe Lavoisier, Marie-Anne Paulze, aliichora michoro inayotuonyesha shughuli hiyo, naye mwenyewe amejichora akiwa mezani anaandika. Walikuta kwamba mtu hutumia oksijeni zaidi akiwa katika baridi, zaidi akiisha kula, na zaidi mno akifanya kazi ya nguvu. Hapo Lavoisier akaliona jambo lililovuka mipaka ya kemia. Ikiwa afanyaye kazi nzito huunguza zaidi, basi mchukuzi na kibarua wanahitaji chakula kingi kuliko tajiri akaaye kitako. Nao ndio wapatao kidogo. Aliliandika jambo hilo waziwazi, na kutaraji kwamba sheria mpya za nchi zingelirekebisha. Walakini Lavoisier alikuwa pia mshiriki katika kampuni ya kukusanya kodi za mfalme, kampuni iliyochukiwa na watu wengi. Tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa pamoja na wenzake wa kampuni hiyo, umri wake ukiwa miaka 50.

Aliacha swali la mahali. Yeye alielekea kuamini kwamba moto huo huwaka mapafuni, mahali hewa iingiapo. Mtaalamu wa hesabu Joseph-Louis Lagrange alikuwa ameiona kasoro ya wazo hilo: kama joto lote la mwili lingetoka mapafuni, mapafu yangekuwa na moto kupita viungo vingine vyote, hata ingehofiwa yasiungue yenyewe. Hoja yake ilitangazwa mwaka 1791, kwamba oksijeni huyeyuka katika damu, na kuungua hutokea njiani damu ikizunguka. Kwa hiyo moto ukahamishwa kutoka mapafuni ukatiwa damuni, ukakaa humo kwa muda mrefu. Hata hivyo Mwitalia Lazzaro Spallanzani, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1803 baada ya kufa kwake, alikuwa ameonyesha kwamba vipande vya nyama vilivyokatwa mwilini mwa wanyama huendelea kuvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, ingawa havina mapafu wala damu izungukayo. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1840 hoja ikaja kutoka mahali pasipotarajiwa, katika Bahari ya Hindi. Julius Robert Mayer, daktari kijana wa Kijerumani, alikuwa katika merikebu ya Waholanzi iliyokwenda Java. Alipowaumika mabaharia huko, aliona damu ya vena zao ni nyekundu mno, hata akadhani amekata mshipa wa ateri. Akafikiri hivi: katika nchi ya joto mwili hauna haja ya kutoa joto jingi, kwa hiyo hutumia oksijeni kidogo, na damu hurudi bado ina wekundu wake. Kutoka hapo akaenda mbali zaidi, akasema kwamba joto na kazi ni kitu kimoja katika sura mbili, na kwamba nguvu haizaliwi wala haifi, hubadilika tu. Andiko lake la mwaka 1842 ni moja katika misingi ya kanuni ya kudumu kwa nguvu, ambayo vitabu vya leo huiita nishati. Mkulima alimaye na moto uchemshao chungu vikawa na hesabu moja.

Swali la mahali likakatwa na Mjerumani Eduard Pflüger na wanafunzi wake. Pflüger alishikilia, katika miaka ya 1870, kwamba damu ni mchukuzi tu; mla oksijeni ni chembe hai yenyewe, yaani seli. Ushahidi mkubwa ulitolewa mwaka 1877 na Ernst Oertmann, aliyemtoa chura damu yake yote na kumjaza maji ya chumvi mahali pake. Chura yule aliendelea kutumia oksijeni kwa kiasi kile kile cha chura mwenye damu. Basi moto ukahama mara ya tatu: si mapafuni, si damuni, bali ndani ya kila chembe ya mwili, kuanzia ukucha hata ubongo.

Tangu hapo haikuulizwa tena wapi, ikaulizwa vipi. Makaa huhitaji joto kali ili yashike moto. Mwili wa binadamu una joto la digrii 37 tu, tena umejaa maji. Ni kuungua gani kuwezako kutokea ndani ya maji ya vuguvugu? Mtu wa kwanza kuuona mlango alikuwa daktari wa mji wa Wolverhampton, Charles MacMunn, ambaye katika miaka ya 1880 alitazama misuli ya wanyama kwa spektroskopu, chombo kipambanuacho rangi za mwanga, akaona mistari myeusi isiyokuwa ya damu. Bingwa mkubwa wa elimu ya damu, Felix Hoppe-Seyler, alilikanusha jambo hilo, na MacMunn akafa mwaka 1911 bila kusadikiwa. Mwaka 1925 David Keilin wa Cambridge, aliyekuwa akichunguza nzi ambao mabuu yao huishi tumboni mwa farasi, aliiona mistari ile ile katika misuli ya wadudu na hata katika hamira. Alipoitikisa hamira pamoja na hewa, mistari ilipotea. Alipoiacha ikatulia, mistari ilirudi. Alipoitia sianidi, mistari ilibaki pale pale ijapotikiswa. Vitu vile alivipa jina la saitokromu, yaani rangi za chembe. Havikuwa kuni wala moto: vilikuwa wapokezi, kila kimoja kikipokea mzigo kutoka kwa jirani na kumkabidhi mwingine, na wa mwisho akiukabidhi kwa oksijeni. Otto Warburg wa Berlin alikuwa amekwisha onyesha kwamba katika kiungo hicho cha mwisho mna chuma, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Mzigo unaopokezanwa ni elektroni zitokazo katika haidrojeni ya chakula. Jinsi chakula kinavyopokonywa haidrojeni hiyo ilielezwa na mwanafunzi wa zamani wa Warburg, Hans Krebs. Mwaka 1933 Krebs alifukuzwa kazi katika hospitali ya chuo kikuu cha Freiburg kwa sababu ya uyahudi wake, akakimbilia Uingereza. Huko Sheffield, mwaka 1937, yeye na William Johnson walisaga misuli ya kifua cha njiwa, wakafuata hatua kwa hatua mabadiliko ya asidi zilizomo, wakagundua kwamba hatua zile hazikwenda kwa mstari ulionyoka bali kwa duara: masalio ya chakula huungana na asidi moja, hukatwa pole pole, na mwishoni asidi ile ya mwanzo hurudi, tayari kupokea masalio mengine. Jarida la Nature liliirudisha barua yao kwa sababu lilikuwa na barua nyingi za kutosha; ikachapishwa katika jarida jingine huko Uholanzi. Krebs alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Ilibaki kujua nguvu inayopatikana huwekwa wapi. Mwaka 1929 Karl Lohmann alikuwa ameitenga katika misuli dawa iitwayo adenosini trifosfati, kwa kifupi ATP, na katika miaka hiyo hiyo Cyrus Fiske na Yellapragada SubbaRow waliipata huko Harvard. Katika mwaka 1941 Fritz Lipmann alieleza kwamba ATP ni kama fedha taslimu ya chembe: kila kazi hulipwa kwayo. Mnamo mwaka 1948 Eugene Kennedy na Albert Lehninger walionyesha kwamba fedha hiyo hutengenezwa katika mitokondria, vijipande vidogo vilivyomo ndani ya chembe, ambavyo jina lao lilitungwa mwaka 1898 kwa Kiyunani kwa maana ya uzi na punje. Mtu mzima ana ATP isiyofika robo kilo, lakini huitumia na kuitengeneza tena mara nyingi sana, hata kwa siku moja jumla yake hukaribia uzito wa mwili wake.

Lakini kupokezana elektroni kunatengenezaje ATP? Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta dawa ya kati, kama vile Stahl alivyotafuta flojistoni, wala hawakuipata. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema kwamba hawaipati kwa sababu haipo. Kila elektroni zinapopokezanwa, protoni husukumwa nje ya utando wa ndani wa mitokondria, zikarundikana upande mmoja kama maji yaliyozuiwa na ukuta wa bwawa. Zirudipo kwa kupita katika mlango wake, huzungusha kinu, kama maji ya mto Pangani yazungushavyo mitambo ya Hale. Wengi walimpinga. Mitchell aliacha kazi ya chuo kikuu kwa ajili ya maradhi, akaitengeneza nyumba kongwe huko Cornwall kuwa maabara, na pamoja na Jennifer Moyle akaendelea kupima. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel peke yake. Umbo la kinu lilichorwa na John Walker na wenzake mwaka 1994. Na mwaka 1997 wataalamu wa Kijapani walibandika uzi ung'aao juu ya mhimili wake, wakauona kwa hadubini ukizunguka. Kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu. Kinu cha ufuta kizungushwacho na ngamia, walichokijua wazee wa Lamu na Unguja, si mfano mbaya wa kitu hiki, isipokuwa chenyewe ni kidogo mno na huzunguka zaidi ya mara mia kwa nukta moja.

Sasa yafaa kulirudia neno lile. Lavoisier alisema kwamba oksijeni huungana na kaboni ya chakula ikawa hewa ya ukaa, kama ifanyavyo katika jiko. Hesabu ya mwanzo na mwisho ni sawa: joto litokalo ni lile lile, na hewa itokayo ni ile ile. Lakini njia siyo. Oksijeni aivutayo mtu haikigusi chakula katika kazi hii. Hukaa mwisho wa safu ya wapokezi, huzipokea elektroni zilizochoka, huungana na haidrojeni, ikawa maji. Oksijeni iliyomo katika hewa ya ukaa aitoayo mtu yatoka katika chakula chenyewe na katika maji yaliyoongezwa njiani. Tena jiko hutoa nguvu yake yote kwa mkupuo, kwa joto. Chembe huigawa kwa hatua ndogo ndogo, na sehemu yake kubwa huwekwa akiba kabla ya kupotea. Sukari moja ya glukosi iliyovunjwa bila oksijeni humpa mwenyewe ATP mbili tu; ikivunjwa hadi mwisho kwa msaada wa oksijeni, hutoa kama 30. Faida hiyo yote yatokana na kuwapo kwa mpokezi wa mwisho. Akikosekana yeye, safu yote husimama, kila mmoja na mzigo wake mkononi.

Kuyapambanua haya si anasa ya maneno. Kiswahili husema mtu amekosa hewa kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali, na matatu hayo ndiyo zile hatua tatu za historia. Azamaye majini hukosa hewa mapafuni. Alalaye chumba kilichofungwa na jiko la makaa ndani yake hukosa hewa damuni: kifua chake hupanda na kushuka kama kawaida, lakini kaboni monoksidi itokayo katika makaa huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, jambo lililoanza kuelezwa na Claude Bernard mwaka 1857. Hewa hiyo haina harufu wala haimkabi mtu roho. Hulala akiwa na pumzi, asiamke. Na aliyekula sianidi hukosa hewa ndani ya chembe: damu yake ni nyekundu, imejaa oksijeni, lakini mpokezi wa mwisho amefungwa mikono, kama Keilin alivyoona katika hamira. Sianidi yapatikana katika muhogo mchungu, na ndiyo sababu ya busara ile ya zamani ya kuuloweka, kuuvundika na kuuanika. Katika miaka ya ukame, watu wanapofupisha kazi hiyo kwa njaa, huzuka ugonjwa wa konzo wa kupooza miguu, ulioandikwa kwanza huko Kongo mwaka 1938 na kuonekana Tanzania katika miaka ya 1980. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kupumua ni kupandisha kifua tu, au kwamba chakula huungua tumboni kama kuni, hawezi kuona kwa nini mtu aliye na pumzi hufa kwa makaa, wala kwa nini bibi yake aliuloweka muhogo siku kadhaa.

Maneno ya kumweleza yapo. Kuungua kuna nafasi yake, kwa kuwa ndiko kulikowaleta wataalamu hadi mlangoni, nako kwafaa kwa kueleza hesabu ya joto. Lakini kwa kueleza njia, Kiswahili kina kitenzi kilicho bora zaidi, kupokezana, kijulikanacho na kila aliyepata kuwaona watu wakipanga safu toka kisimani hadi kwenye nyumba iwakayo, ndoo ikienda mkono kwa mkono. Mwandishi wa kitabu cha shule akisema kwamba chembe za mwili hupokezana nguvu ya chakula, na kwamba oksijeni ndiye mpokezi wa mwisho, atakuwa amesema kwa maneno ya kila siku jambo lililowachukua mabingwa kutoka Boyle hadi Mitchell kulifikia. Naye mtoto atakayelisikia hivyo atajua pia kwamba jiko la makaa sharti litolewe nje kabla ya mlango kufungwa.